Siyo danganya toto: kazi ya kumsindikiza mtoto aliyelazwa, na kwa nini kwetu haina jina

Nyumbani kwetu Mbeya, kama ilivyo karibu kila nyumba niliyowahi kulala, sindano ni fimbo. Mtoto akigoma kula anaambiwa, "Subiri, nitakupeleka kwa dokta akuchome sindano." Akikimbilia barabarani, sindano. Akimpiga mdogo wake, sindano. Kisha siku moja mtoto huyohuyo anaugua kweli, tunambeba mgongoni hadi hospitali, halafu tunashangaa anapopiga yowe mlangoni kabla hata hajaguswa. Nani alimwambia kwamba pale ndipo watoto wakorofi wanapopelekwa?

Mimi nilianza kulifikiria jambo hili kwa makini baada ya binti wa dada yangu, akiwa na miaka sita, kumwagikiwa uji wa moto. Ilikuwa Julai, baridi ile ya huku kwetu ambayo watoto hawabanduki jikoni. Uji ulimpata pajani na mkono wa kushoto. Alilazwa katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja, nami nikawa napokezana zamu na dada yangu kwa siku kumi na tisa.

Siku ya kwanza ya kusafisha kidonda alidanganywa mara tatu. Mimi ndiye niliyeanza: nilimwambia tunakwenda kupiga picha tu. Muuguzi akamwambia haitauma. Mwingine akatuambia sisi ndugu tutoke nje kidogo, mama anarudi sasa hivi. Hiyo "sasa hivi" ilikuwa nusu saa, na tuliisikia yote kupitia mlango wa mbao. Tangu siku hiyo, kila aliposikia magurudumu ya toroli la vidonda koridoni alijikojolea, hata kama toroli lilikuwa linaelekea kitanda kingine.

Siku ya nne aliingia zamu sista mmoja wa makamo. Alimkuta mtoto amekumbatia gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha kanga, ndiye mwanasesere wake. Sista akaketi kitandani, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu wa sare akilifanya pale, akauliza huyu mgonjwa mwingine anaitwa nani. Akatoa kipande cha bandeji mfukoni.

"Haya mama, mfunge mwanao. Sasa tunataka kuifungua. Kwanza tunailowesha, ili isikwangue. Hapo panauma. Unadhani atalia?"

Mtoto akasema atalia.

"Akilia ni sawa. Ila mkono asiutikise. Utamshikaje?"

Mtoto akaonyesha: akalibana gunzi kifuani. Basi sista akamwambia kwamba na yeye atashikwa hivyohivyo na mama yake, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayebandua plasta ya kwanza, na kwamba akisema "simama" wote wataacha, wahesabu hadi kumi, kisha waendelee. Dada yangu hakutolewa nje. Alikaa amempakata, kifua kwa kifua, miguu ya mtoto ikining'inia pembeni. Mtoto alilia, na alisema "simama" mara mbili. Lakini hakukandamizwa na watu wanne, na jioni ile alikula ndizi kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Alichofanya yule sista, katika nchi nyingine, ni taaluma yenye masomo yake, mtihani wake na mshahara wake.

Marekani na Kanada anayeifanya huitwa mtaalamu wa maisha ya mtoto hospitalini. Uingereza jina lake ni mtaalamu wa michezo hospitalini. Hatoi dawa wala hachomi sindano, na hilo limepangwa makusudi: katika jengo ambalo kila mkono unaokuja unaweza kuja na maumivu, awepo walau mtu mmoja ambaye mkono wake hauji kuumiza. Kazi yake ni mtoto aelewe kinachomtokea kwa kiasi cha umri wake, apate cha kufanya maumivu yakija, aendelee kucheza na kukua hata akiwa na dripu mkononi, na wazazi wajue wasimame wapi na waseme nini. Hatibu ugonjwa wa akili. Huyo ni mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Hashughulikii bili, huyo ni afisa ustawi wa jamii. Na ile fikra kwamba ni mtu wa kuchekesha watoto, kama mchekeshaji wa sherehe ya kuzaliwa, ndiyo inayoua kazi hii kabla haijaanza, maana meneja yeyote mwenye bajeti finyu atauliza: nimwajiri mchekeshaji au muuguzi?

Tuanze na historia, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachotuhusu moja kwa moja.

Katikati ya karne iliyopita, hospitali za Uingereza ziliwafungia wazazi nje. Mama alimwacha mtoto mlangoni na kuruhusiwa kumwona kwa saa chache tu kwa wiki, na wodi nyingine zilikataza kabisa. Hoja ilikuwa kwamba mama akija mtoto analia, asipokuja mtoto ametulia. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby, hakukubali kwamba utulivu ule ulikuwa utulivu. Katika filamu aliyoitoa mwaka 1952 alimwonyesha mtoto wa kike wa miaka miwili akiwa amelazwa, na alieleza hatua tatu ambazo mtoto aliyetenganishwa na mama yake hupitia. Kwanza hulia na kupinga. Kisha hukata tamaa, hunyamaza na kuzubaa. Mwisho hujitenga: anacheka na wauguzi, anakula, na mama akija hamtazami. Wauguzi walikuwa wakiiita hatua hiyo ya tatu "amezoea". Robertson akasema huyu hajazoea, huyu ameacha kutegemea mtu. Madaktari wengi walimkasirikia. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na daktari bingwa wa mifupa, Harry Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, mama wa watoto wadogo walale nao, na watoto wapewe nafasi ya kucheza na kusoma.

Upande wa Marekani, Emma Plank, mwalimu mzaliwa wa Vienna aliyesomea mbinu za Montessori za kufundisha watoto wadogo, alianzisha mwaka 1955 mpango wa michezo na elimu kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya umma ya Cleveland. Ni mwalimu, siyo daktari. Taaluma ya Marekani inamhesabu miongoni mwa waasisi wake, na hadi leo masomo yake makuu ni makuzi ya mtoto.

Sasa rudi wodini kwetu. Kile Waingereza walichokipigania kwa miaka mingi, sisi tunacho tangu zamani. Mama analala na mtoto. Hatukukipata kwa utafiti. Tumekipata kwa uhaba, kwa kuwa bila mama nani angemlisha mtoto, kumwogesha, kumfulia, kumpeleka maabara? Lakini tumekitumia nusu. Mama anayekaa na mtoto usiku na mchana, ambaye amejikunja chini ya kitanda kwenye mkeka, ndiye anayeambiwa atoke nje katika dakika kumi ambazo mtoto anamhitaji kuliko dakika nyingine zote. Mlango wa wodi uko wazi kwake, wa chumba cha vidonda umefungwa.

Sababu inayotolewa ni kwamba wazazi wanazimia, wanagombana na wauguzi, wanalia kuliko mtoto. Nakubali, nimeyaona yote matatu. Ila mzazi huzimia zaidi akiwa hana kazi. Dada yangu alipopewa kazi, yaani kumpakata na kuhesabu, hakuzimia. Kumshika mtoto kwa kumkumbatia akiwa ameketi, badala ya kumlaza chali na kumkandamiza, ni mbinu inayofundishwa sasa katika taaluma hii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, linashauri mtoto ashikwe na mzazi wake, na mtoto anyonyaye anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla. Hiyo haigharimu shilingi.

Kitu kingine kisichogharimu shilingi ni maneno, na hapa Kiswahili chetu kina mitego yake, ambayo mtu wa kazi hii lazima aijue kuliko kitabu chochote cha ng'ambo.

Chukua neno "kuchoma". Binti wa dada yangu alikuwa ameungua. Kisha mtu mwenye koti jeupe anamwambia, "Tutakuchoma kidogo." Kwake yeye kuchomwa ni nini? Ni kile kilichomleta pale. Chukua "kupasua". Mtoto wa Mufindi, ambaye amekua akisikia mashine ya kupasua mbao ikilia asubuhi hadi jioni, anaambiwa kesho daktari atampasua tumbo. Sisi watu wazima neno limeshakufa makali. Yeye anauona ubao. "Nusu kaputi", yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, sitaki hata kuigusa. Na "kulala" ni hatari kwa namna yake: bibi alilala, wakamzika, na leo mtoto anaambiwa atapewa dawa alale ili afanyiwe upasuaji. Anayeijua kazi husema: "Utapewa dawa ya kukufanya usisikie chochote. Si kama usingizi wa usiku. Daktari wa dawa hiyo atakuwa pale muda wote, na wakimaliza atakuamsha, mama atakuwa karibu." Ni sentensi ndefu zaidi, lakini hofu yake ni fupi. Damu nayo: watoto wengi wadogo huamini damu ikitolewa inaisha, kama maji ya ndoo. Inatosha kumwambia mwili unatengeneza nyingine.

Umri unabadilisha kila kitu. Mtoto wa chini ya miaka miwili maneno hayamsaidii sana. Kwake tiba ya hofu ni mtu yuleyule, harufu ileile, kanga ileile. Kati ya mitatu na sita mtoto hufikiri dunia inamzunguka yeye, kwa hiyo ugonjwa ni adhabu: nimeungua kwa sababu nilikataa kumsaidia bibi kufagia. Hasemi mpaka aulizwe, na wakati mwingine hasemi mpaka gunzi ndilo liulizwe. Wa miaka saba hadi kumi na moja anataka maelezo, mchoro, jina la mfupa, na anataka kujua kidogo kabla, siyo wiki nzima kabla hadi akose usingizi. Wa miaka kumi na minne ndiye tunayemtesa zaidi bila kukusudia, kwa sababu tunamweka kitanda cha jirani na kichanga na kumvua nguo mbele ya mama kumi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, tena inataja haki ya kucheza na kupumzika katika mstari mmoja na chakula, makazi na matibabu. Sijui ni wodi ngapi zimeusoma mstari huo hadi mwisho.

Wanaosema michezo ni anasa za nchi tajiri nawapeleka kwenye chumba kimoja tu: chumba cha watoto wenye utapiamlo mkali. Iringa inalisha nchi mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mkoa wa kwanza nchini, Njombe na Rukwa zikifuatia kwa kiasi cha nusu ya watoto. Udumavu wenyewe haulazwi. Ni mwendo wa polepole wa miaka. Anayelazwa ni yule wa utapiamlo mkali, miguu imevimba au mbavu zinahesabika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumtibu huyo una hatua kumi. Hatua za mwanzo ni za kuokoa roho: sukari isishuke, mwili usipoe, maambukizi yatibiwe, maziwa maalumu yatolewe kidogokidogo. Hatua ya tisa ni hii: mchangamshe mtoto na mpe msaada wa kihisia. Mwongozo unataja upendo, mazingira ya furaha, mama kushirikishwa, na mchezo uliopangwa wa dakika 15 hadi 30 kila siku. Umeandikwa pamoja na antibayotiki, katika orodha ileile.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu huacha kutazama, huacha kutabasamu, huacha kunyoosha mkono. Naye mama, akiwa hapati jibu lolote kutoka kwa mtoto, polepole huacha kumsemesha. Ukimjaza maziwa bila kulivunja duara hilo, uzito utapanda na akili itabaki nyuma. Vifaa? Chupa tupu ya maji yenye mawe mawili ndani. Vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye kamba, vikubwa vya kutosha visimezwe. Makopo matatu ya ukubwa tofauti yanayoingiana. Mwongozo wenyewe unahimiza vitu vya kutengeneza kwa mkono. Kinachokosekana ni mtu ambaye hizo dakika 15 ni zake, ambaye akiulizwa saa nne asubuhi alikuwa wapi ajibu "nilikuwa nacheza" na asiandikiwe barua.

Eneo jingine ambalo kazi hii tayari inafanyika huku kwetu, ingawa kwa jina lingine, ni kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wenye VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zilizokuwa na maambukizi ya VVU ya juu nchini katika utafiti wa 2022 hadi 2023: asilimia 12.7, 11.1 na 9.6 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Nyuma ya namba hizo wapo watoto waliozaliwa na virusi, wanaomeza dawa kila siku wakiambiwa ni dawa za kifua. Wanaambiwa hivyo mpaka siku moja, darasa la sita au la saba, wanasoma wenyewe bango ukutani au jina la dawa kwenye kopo. Ndipo wengine huacha kumeza.

Tangu mwaka 2011 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, na wadogo waelezwe kwa vipande kadiri wanavyokua. Kwa vipande maana yake ni kwamba wa miaka mitano anaambiwa ana askari mwilini na dawa inawapa nguvu. Wa nane anaambiwa kuna mdudu anayewashambulia askari. Na jina la mdudu linakuja baadaye, mama au bibi akiwapo, baada ya mlezi huyo mwenyewe kuandaliwa. Mara nyingi mlezi ndiye kazi kubwa zaidi. Anaogopa swali litakalofuata: "Nimeupata wapi?" Kituo cha Baylor cha watoto, kilichofunguliwa Mbeya mwaka 2011, ni miongoni mwa mahali ambapo unaona madaktari, wauguzi na wafanyakazi wa kijamii wakifanya kazi hii kwa pamoja, na vijana wakikutana wenyewe kwa wenyewe wakagundua kwamba hawako peke yao.

Halafu kuna kifo, ambacho wodini kila mtu hukipita pembeni. Usiku wa kumi na moja mtoto wa kitanda cha dirishani alifariki. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, godoro limeegeshwa juani. Watoto wengine wakauliza. Jibu lilikuwa, "Amehamishiwa wodi nyingine." Siku tatu baadaye mvulana mmoja aliyekuwa anaendelea vizuri aliambiwa na daktari kwamba anahamishiwa wodi ya upasuaji. Alishikilia chuma cha kitanda, hakuna aliyeelewa anapigania nini. Binti wa dada yangu ndiye aliyetuambia, kwa sauti ya chini: "Hataki kwenda alikokwenda yule wa dirishani."

Watoto wale walijua. Walisikia kilio usiku. Walichokosa ni mtu mzima mmoja wa kuwaambia kwamba mwenzao amekufa, kwamba ugonjwa wake ulikuwa tofauti na wao, kwamba hakuna aliyesababisha kwa kumtukana au kumnyima mpira. Huo ni ujuzi wa kujifunza. Hauji wenyewe kwa sababu mtu ana moyo mzuri. Wenye moyo mzuri ndio wanaosema uongo haraka zaidi.

Familia nayo ni mgonjwa wa pili. Hospitali za nyanda zetu zinahudumia watu wa mbali sana. Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea kutoka Songwe, Rukwa, Katavi na kwingineko. Ikonda kule Makete inafuatwa hadi na watu wa Dar es Salaam, kwenye baridi ambayo mgeni wa pwani haamini kama ni Tanzania. Mama aliyetoka Ludewa na mtoto mgongoni ameacha wengine watatu kwa jirani, shamba halijapaliliwa, simu ya mume haipatikani. Sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu, lakini haimlipii mama huyu sahani ya wali wala nauli ya kurudi. Ukimwona anamfokea mtoto, uliza kwanza amekula lini. Na kama mtoto ameungua, uliza pia mama mkwe amesema nini kwenye simu, kwa maana huku kwetu ajali ya jikoni ina mshitakiwa mmoja tu. Baba hayumo kwenye hesabu. Anazuiwa getini hadi saa za kuona wagonjwa, akiingia hana kiti, anasimama mguuni mwa kitanda na mfuko wa machungwa kama mgeni.

Kwa hiyo nani, hapa Tanzania, anaifanya kazi hii? Imegawanyika vipandevipande. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anakagua nani asamehewe bili, anatafuta ndugu wa mtoto aliyetelekezwa, anashughulika na kesi za ukatili. Mara nyingi yuko mmoja au wawili kwa hospitali nzima, na foleni ya msamaha inammaliza kabla hajafika wodini. Mnasihi yuko CTC. Mwanasaikolojia, kama yupo, anaitwa mambo yakiharibika. Mchungaji, padri au shehe anapita siku zake. Muuguzi ndiye yuko karibu kila saa, na ndiye mwenye kazi nyingine thelathini. Mama anafanya yaliyobaki.

Kijana anayeniuliza ataingiaje, namwambia ukweli: sijawahi kuona tangazo la ajira ya serikali lenye jina la kazi hii. Utaingia kupitia mlango wa jina lingine. Ustawi wa jamii ndio mpana zaidi. Taasisi ya serikali ya fani hiyo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, inatoa ngazi kutoka cheti hadi shahada, na kazi zake hutangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Chuo Kikuu cha Iringa kina shahada ya saikolojia ya unasihi, faida kwa mtu wa huku asiyetaka kuhamia pwani. Uuguzi ndio mlango unaokufikisha kitandani haraka. Ualimu wa awali, ambao watu huudharau, ndio ulio karibu zaidi na asili ya taaluma, kama nilivyosema juu ya Emma Plank, ila peke yake hautakupa ajira hospitalini isipokuwa kwenye miradi. Mfano upo Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011, linawahudumia watoto wenye saratani na kuwawekea masomo na michezo palepale wanapotibiwa.

Cheti cha Marekani kinadai shahada, masomo maalumu ya makuzi na ya kufiwa, mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 600 hospitalini, na mtihani. Ni kizuri kukijua hata kama hukifuati, kwa sababu zile saa 600 zinakuonyesha kwamba wenzetu hawaiamini huruma peke yake.

Ukitaka kujaribu kabla hujatumia ada, omba kujitolea. Nenda kwa metroni, siyo kwa mlinzi. Usije na midoli ya manyoya, inabeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Leta plastiki inayooshwa kwa klorini, karatasi na penseli za rangi. Acha simu mfukoni. Makundi yanayokuja Jumamosi na sabuni, soda na kamera yanajulikana, na watoto wameshajifunza kutabasamu wakiinuliwa simu. Njoo siku ya kawaida, saa ya vidonda, uone kama unaweza kumsikiliza mtoto akilia dakika tano bila kumwambia anyamaze. Wengi hawawezi. Mimi mwenyewe siku ya kwanza sikuweza, ndiyo maana nilisema tunakwenda kupiga picha.

Mwaka huu nilipita pale kumpelekea mtu chakula, nikachungulia wodi ya watoto. Toroli lilikuwa likilia magurudumu yaleyale. Nikamuulizia yule sista. Muuguzi kijana akaniambia alishahamishiwa wodi ya wazazi, muda mrefu sasa. Nikauliza, na ile kazi aliyokuwa akifanya na watoto kabla ya vidonda, siku hizi anaifanya nani?

Akafikiri kidogo. "Ile haikuwa kazi, dada. Yule alikuwa anapenda tu watoto."